Ngumi Ishirini kwa Sekunde Kumi

Kifungo cha tatu ndicho kilichomshinda. Viwili vya juu alikuwa na hila navyo: aliviacha vimefungwa tangu juzi, akawa analivaa koti kwa kupitisha kichwa, kama fulana. Lakini cha tatu kilifunguka kwa bahati mbaya, na sasa kilikuwa kinamteleza vidoleni kama kipande cha sabuni.

"Lete," mkewe akasema.

"Ngoja."

"Lori litakungoja wewe?"

Akaachia. Mkewe akafunga cha tatu, cha nne na cha tano bila kumtazama usoni. Ulikuwa mwezi wa tatu wa vifungo. Mwezi wa kwanza walicheka. Wa pili walisingizia baridi. Huu wa tatu hakuna aliyesema neno, na binti yao, aliyekuwa akinywa chai kabla ya kwenda shule, alikuwa amejifunza kuangalia dirishani kila ilipofika saa ya baba kuvishwa.

Sokoni walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Jina hilo alilipata miaka ishirini na minane nyuma, siku aliyobeba magunia mawili kichwani kwa mkupuo mmoja kwa sababu mtu alimwambia hawezi. Koti lake la bluu lilikuwa na namba arobaini na moja mgongoni. Katika soko lile la nafaka namba ndiyo kazi yenyewe. Ziko sitini tu. Mwenye namba anabeba. Asiye na namba anakaa kwenye ukuta wa nje wa ghala, akisubiri mwenye namba afe, augue au azeeke. Wale wa ukutani hawamwombei mtu mabaya. Wanamwangalia tu anavyotembea.

Winchi alijua kwamba siku hizi wanamwangalia yeye. Ndiyo maana aliposikia kuna madaktari wanakuja kupima shingo, aliweka kikombe cha chai chini kabla hakijamponyoka.

Habari waliletewa na nyapara, mtu mfupi aliyependa kupanda juu ya mizani anapohutubia. "Wiki mbili kutoka leo wanakuja watu wa utafiti," alisema. "Wanachunguza shingo za wanaobeba kwa kichwa. Wanasema pingili zinachakaa. Kila mwenye koti atapimwa. Na hapo ndipo tutajua nani winchi na nani kopo tupu!"

Watu wakacheka. Hawakujua kwamba nyapara mwenyewe alikuwa ameambiwa sentensi mbili tu na watu wa hospitali, na hiyo ya mwisho aliipachika mwenyewe ili hotuba isiishie njiani.

Aliyeleta maelezo zaidi alikuwa Kiberiti, namba thelathini na tisa, mwenzake Winchi tangu ujana. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi kuwaka. Shemeji yake alikuwa mfagizi hospitalini.

"Nimekuulizia," alisema walipokuwa wamekaa juu ya magunia matupu. "Ni jambo dogo sana. Wanakwambia kunja ngumi, kunjua, kunja, kunjua, mbio mbio, sekunde kumi. Mwenye afya anafikisha ishirini. Usipofikisha, kwisha habari yako."

"Ishirini?"

"Ishirini. Mtoto anayenyonya anaweza."

Winchi akaingiza mkono mfukoni na kujaribu kimyakimya. Hata kumi hazikufika.

*

Mkewe alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni. Huko alizoea kuandika kila shuka mara mbili: upande mmoja yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka yakiwa safi kweli. Mwenye nyumba alipenda upande wa kwanza peke yake, lakini yeye aliandika pande zote mbili, kwa sababu aliwahi kusingiziwa wizi wa mashuka manne na daftari ndilo lililomwokoa.

Kwa hiyo Winchi alipomwambia, "Mama, nataka unihesabie," yeye alichukua daftari la hesabu la binti yao lililobaki kurasa, akapiga mstari katikati.

"Mstari wa nini?"

"Wewe kunja."

Akaweka simu mezani, ikahesabu sekunde. Winchi akanyoosha mkono wa kulia na kuanza. Vidole vilikwenda chini vizuri, lakini kurudi juu vilirudi mmoja mmoja, kidole cha mwisho kikichelewa kama mzee anayeinuka kutoka kwenye kiti.

"Tisa," mkewe akasema.

"Hesabu vizuri."

"Nimehesabu vizuri. Ndiyo maana ni tisa."

Siku ya pili tisa. Siku ya tatu tisa. Alitia mikono kwenye maji ya moto, akaipaka mafuta ya kuchua, akalala nayo imefungwa kwa soksi. Tisa. Siku ya tano akagundua jambo. Ukiacha kukunja hadi mwisho, ukatikisa kifundo cha mkono na kuviachia vidole virukeruke, mtu anayekutazama anaona ngumi inafunga na kufungua. Akafanya hivyo na kufikisha kumi na tano.

"Hizo si ngumi," mkewe akasema.

"Ni nini?"

"Ni mtu anafukuza nzi."

"Daktari atajua?"

Mkewe aliweka kalamu chini. Aliutazama ule mkono, mkono uliomjengea nyumba ya vyumba viwili na kumpeleka binti yao hadi sekondari. "Asiyekufahamu hatajua," akasema mwishowe. "Nitakusaidia kudanganya, baba watoto. Lakini mimi sitajidanganya. Kila siku utanipa kwanza za kweli, halafu hizo za nzi. Za kweli upande huu, za kuonyesha upande huu."

"Za kweli za nini tena?"

"Ili tujue."

Basi wakawa wanafanya hivyo kila jioni kabla ya kula. Upande wa kuonyesha ulipanda: kumi na tano, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja. Upande wa kweli ulikaa kwenye tisa kwa siku kumi na moja, kisha ukashuka nane. Mkewe aliandika nane hiyo kwa wino uleule, mwandiko uleule, akafunga daftari, akapakua chakula.

Siri ya wachukuzi haikai. Kiberiti alimkuta nyuma ya ghala akitikisa mkono, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaomba afundishwe. Baada ya siku mbili walikuwa sita. Baada ya wiki walikuwa hawahesabiki. Kwenye foleni ya lori, chooni, kwenye kivuli cha mizani, watu wazima wenye ndevu walisimama wakitikisa mikono hewani. Waliuita mtindo wa Winchi. Ghala zima likawa linafukuza nzi.

*

Walipimwa katika chumba kidogo kando ya mizani. Muuguzi mmoja aliuliza, mmoja akashika saa. Kabla ya yote, Winchi alipewa karatasi nne zilizobanwa pamoja, herufi ndogo kama sisimizi.

"Hii ni yako, baba. Usome, au usomewe. Kila kitu kimeelezwa humo."

"Niweke sahihi wapi?"

"Ungesoma kwanza."

"Nina lori nje, mama. Wapi?"

Akaweka herufi tatu kubwa zilizolala upande. Muuguzi akaanza kuuliza. Vidole vinakufa ganzi? Hapana. Vitu vinakuponyoka? Hapana. Miguu inakuwa mizito, unayumba, umewahi kuanguka?

"Mimi nianguke?" Winchi akacheka. "Waulize hapo nje wananiita nani."

Kisha ngumi. Akapiga ishirini na mbili.

Daktari mwenyewe alikuwa amefika mlangoni, mwanamke kijana mwenye miwani, kalamu imechomekwa kwenye nywele. "Shikamoo, baba. Umebeba miaka mingapi?"

"Marahaba. Ishirini na nane."

"Vidole vyako vina kasi kuliko vya wanafunzi wangu."

"Hao wanafunzi wanakula nini?"

Chumba kikacheka. Daktari alitabasamu kidogo, akautazama ule mkono kwa muda, kisha fomu, kisha mkono tena. Lakini nje walikuwa wamepanga mstari watu thelathini na kalamu ilikuwa inasubiriwa. Akaandika: hana dalili, kundi la wazima.

Winchi alitoka kifua mbele. Mchana ule aliona ngata yake, ule mviringo wa kitambaa anaoweka utosini kabla ya gunia, umelegea na kubonyea upande mmoja. Alikuwa na karatasi nne nzuri, nene, zisizo na kazi. Akazikunja, akazisokomeza ndani ya ngata. Zikakaa vizuri sana.

*

Wiki tano baadaye alianguka.

Haikuwa ajali ya kusimulia. Ubao wa kupandia lori ulikuwa uleule, gunia la maharage lilelile la kila siku. Alifika katikati ya ubao, mguu wa kushoto ukakataa kuinuka. Hakuna maumivu. Aliuagiza uinuke, ukabaki pale pale kama punda aliyegoma. Gunia likatangulia upande wake, yeye upande wa pili, na maharage yakamwagika chini hadi magurudumuni.

Kwenye ukuta wa nje watu watatu walisimama.

"Okota!" nyapara akapiga kelele kutoka kwenye mizani. "Moja moja! Mwenye mzigo hataki mchanga!"

Winchi akapiga magoti. Kuchota kwa viganja hakukuwa na shida. Shida ilikuwa yale yaliyoingia kwenye nyufa za sakafu, ya kuokota kwa ncha za vidole. Alibana harage, likaponyoka. Akabana tena. Akalishika, akaliinua, na vidole vikafunguka vyenyewe. Dakika nzima ikapita kwa harage moja. Mtu wa ukutani akasema, si kwa ubaya, "Winchi leo anacheza bao."

Kiberiti akaja akapiga magoti kando yake, akaanza kuokota kwa ajili yake. Alipokaribia sikio lake alinong'ona, "Inama, wasikuone uso." Na Winchi, alipotazama chini, aliona vidole vya Kiberiti navyo vikibana harage lilelile mara mbili, mara tatu.

Walimaliza kuokota.

*

Jioni mkewe alichukua ngata iliyochanika akaifumua ili aishone upya. Ndani yake akakuta karatasi nne zilizoshindiliwa na jasho hadi kuwa kama ubao.

"Hizi ni nini?"

"Za wale wa hospitali. Takataka."

Mkewe akazitenganisha polepole, kama anavyotenganisha mashuka yaliyoganda, akampa binti yao. "Soma."

Binti alisoma kwa sauti ya shule, bila kituo. Jina refu la utafiti. Ugonjwa wa kuchakaa kwa pingili za shingo. Kisha akapunguza mwendo mwenyewe. "Majibu ya kila mshiriki ni siri. Hayatapewa mwajiri, msimamizi wala chama cha kazi."

"Rudia," Winchi akasema.

Akarudia. Kisha akaendelea: "Mshiriki atakayeonekana ana dalili kwamba mshipa mkuu wa fahamu umebanwa shingoni atapigwa picha ya shingo, na ikihitajika atafanyiwa upasuaji, bila malipo yoyote. Mshiriki anaweza kurudi kusahihisha maelezo yake wakati wowote kabla ya uandikishaji kufungwa." Akatazama tarehe. "Unafungwa Ijumaa. Keshokutwa."

Mkewe ndiye aliyeanza. Bega lilimtikisika, na Winchi alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Wiki tano," alisema. "Wiki tano umeibeba kichwani, na gunia juu yake."

"Nyapara alisema…"

"Nyapara alisema! Nyapara ndiye anayekufunga vifungo?"

Winchi akasema, kwa sauti ya chini, "Nirudi niwaambie nini? Kwamba mtu mzima mwenye binti sekondari nilijifungia ndani nikafanya mazoezi ya kuwahadaa?"

"Ndiyo. Waambie hivyo hivyo. Umesema vizuri."

"Watu watacheka."

"Leo hawakucheka?"

Binti alikuwa bado anasoma, midomo ikicheza. "Baba," akasema, "kuna hapa mwisho. Matokeo yatatumika kuamua kama kubeba kwa kichwa kunaharibu shingo, na kama masoko yalazimishwe kuweka mikokoteni." Akainua macho. "Mliofanya ule mtindo mko wangapi?"

"Sijui. Thelathini. Labda na zaidi."

"Basi mmewaambia haiharibu."

Winchi aliwaza wale wa ukutani, vijana wenye shingo zilizonyooka, wakiombea makoti. Aliwaza vidole vya Kiberiti. Mkewe alikuwa ameshachukua daftari kutoka juu ya kabati na kulifunga kwenye upande wa kanga.

"Kesho," Winchi akasema, "usinifunge koti."

*

Akaingia sokoni koti likiwa wazi, shati la ndani likionekana, mkewe nyuma yake na daftari kwapani. Alitembea taratibu, miguu ameitanua. Hakuficha.

"Vipi, Winchi!" nyapara akaita. "Umekuwa bwana harusi? Funga koti!"

"Siwezi," Winchi akasema, akapita.

Lilikuwa neno dogo, lakini hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kwake. Kiberiti akatua gunia lake chini kabla halijafika.

Daktari alikuwa amerudi kufunga kazi, peke yake katika chumba kile cha kando ya mizani, akipanga fomu ndani ya maboksi. Winchi alikataa kiti. Alisema yote kwa pumzi moja, akiwa amesimama, kama mtu anayeripoti mzigo uliopotea: ngumi, mtindo, aliowafundisha, ganzi, vifungo, ubao. Daktari alipotaka kusema kitu, mkewe akaweka daftari mezani na kulifungua.

Daktari alipitisha kidole kwenye ukurasa. "Upande huu ni nini?"

"Za kweli," mke akasema.

"Na huu?"

"Za kuwaonyesha ninyi."

Daktari aliketi. Akavua miwani, akaivaa tena. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi juzi, kwa sababu yule mama hakuwahi kuacha kuhesabu hata baada ya kupimwa. Tisa, tisa, tisa. Nane. Nane. Wiki iliyopita, saba mara moja.

"Mama, nani alikufundisha kufanya hivi?"

"Mashuka."

"Mimi hospitalini sina mgonjwa aliyehesabiwa kila siku namna hii. Hata mmoja." Akageukia mume. Alikuwa amekasirika, na hakuficha hilo pia. "Baba, nilishindwa kulala kwa sababu yenu. Wachukuzi waliobeba miaka thelathini wana mikono mizuri kuliko wauguzi wangu! Nilijua kuna kitu, sikujua ni nini. Ningefunga Ijumaa, kitabu changu kingesema gunia ni kofia tu."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Nisikilize basi, nisikufiche kama ulivyonificha. Shingoni kuna pingili, na katikati yake unapita mshipa mkuu wa fahamu, ndio unaobeba amri za mikono na miguu. Pingili zako zimechakaa, nadhani zinaubana. Picha itatuambia. Tukipasua, tunaupa nafasi. Lakini nguvu iliyokwisha kupotea huenda isirudi yote. Tunachozuia ni iliyobaki isipotee."

"Na gunia?"

"Gunia basi."

"Hata la nusu?"

"Hata ndoo ya maji, baba. Kichwani, basi."

Winchi akatazama chini kwenye koti. Namba haikuonekana kwa mbele, lakini aliijua ilipo, aliihisi kama mtu anavyohisi mkono wa mwenzake mgongoni. "Na nisipopasuliwa?"

"Leo vifungo. Jana mguu. Siku siijui, njia naijua."

Mkewe alikuwa amesema yake jana. Winchi akaanza kulivua koti, akatoa mkono mmoja, kisha wa pili, akalikunja namba ikiwa juu, akaliweka kwenye kiti ambacho hakukikalia.

"Nipime," akasema.

Daktari akaenda kufunga mlango. Nje watu walikuwa wameanza kukusanyika, wenye makoti na wa ukutani pia, na nyapara akiuliza kulikoni.

"Acha wazi," Winchi akasema.

"Majibu yako ni siri, baba. Sheria yetu."

"Siri ni ya nani?"

"Yako."

"Basi natoa yangu. Acha wazi."

Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni ili waone. Daktari akabonyeza saa. Winchi akakunja hadi mwisho, ncha za vidole zikagusa kiganja, akakunjua hadi mwisho, kidole cha mwisho kikichelewa, akakingojea. Alihesabu mwenyewe kwa sauti. "Moja… mbili… tatu…" Kwenye tano kuna aliyecheka nje, akadhani ni mzaha. Kwenye sita hakuna aliyecheka.

"Nane," akasema. Saa ikalia.

"Winchi," Kiberiti akaita kutoka mlangoni, "umesahau mtindo?"

"Sijasahau. Umekwisha. Wewe zako ni ngapi? Za kweli?"

Kiberiti aliitia mikono mfukoni.

Kutoka kwenye boksi daktari alitoa shati jeupe la kupimia, lenye vifungo vitano. "Livae, ufunge vyote. Una dakika mbili. Mama, tafadhali usimsaidie."

Mkewe alikaa. Akaweka mikono yake chini ya mapaja na kuikalia, kwa sababu aliijua.

Kifungo cha kwanza kilichukua muda mrefu hata nyapara akaacha kuuliza. Kiliteleza. Kikateleza. Winchi alikibana kati ya kidole gumba na kiungo cha kidole cha shahada, akasukuma, kikaingia nusu, kikatoka, akasukuma tena, kikaingia. Jasho lilimtoka kama lile la magunia mawili. Cha pili kilimshinda mara nne. Mabega ya mkewe yalikuwa yakienda naye, yakiinama kila kifungo kilipoponyoka, lakini mikono ilibaki chini. Cha tatu, adui yake wa kila asubuhi, alikitazama kwanza. Akakiendea kutoka chini. Kikaingia.

Saa ikalia.

"Muda umekwisha, baba," daktari akasema kwa upole. "Inatosha. Nimeshapata ninachohitaji."

"Wako umekwisha," Winchi akasema bila kuinua kichwa. "Mimi bado viwili."

Daktari alinyoosha kidole kwenye saa, kisha akakirudisha. Akaiacha ihesabu. Mlangoni hakuna aliyeondoka kurudi kwenye lori, na dereva alipiga honi mara mbili akachoka. Cha nne kikaingia. Kiberiti akatoa mikono mfukoni, akaitazama yote miwili kama aliyekabidhiwa kitu cha mtu mwingine. Kisha akasogea mbele ya wenzake, akasimama kwenye kizingiti, mahali anaposimama anayefuata.

Cha tano kilikuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu uzi wake ulikuwa umelegea na kilizunguka. Winchi alikifuata kilikokwenda. Kilipoingia alilinyoosha shati kwa kiganja, akageuka.

"Dakika ngapi?"

"Saba na sekunde arobaini," daktari akasema.

"Iandike," akasema Winchi. "Na wewe mama, iandike. Upande wa kweli."